Mlinzi wa Redio

“Kwani masikio si huwa tunazaliwa nayo, jirani? Mtu anakwendaje chuo kusomea kusikiliza?”

Swali hilo jirani wa ukuta mmoja alilitupa kutoka dirishani kwake, viwiko vimetulia juu ya kizingiti kama kawaida yake, siku ile binti wa mshonaji alipoleta habari kwamba amekubaliwa kusoma saikolojia. Mshonaji alikuwa uani anaanika vitambaa. Alikuwa mjane, mtu wa sala na wa maneno machache, na kwa kuwa hata yeye hakulijua jibu, alisema tu, “Mungu ndiye anayejua atamtumiaje.” Jirani akacheka mpaka kikohozi kikamshika.

Mtaa mzima ulimwita jirani yule Mama Dirisha, ila si mbele ya uso wake. Kukipambazuka yupo dirishani, jua la utosi yupo, jua likizama bado yupo. Mboga alichambulia pale, chai alinywea pale, magomvi ya wenzake aliyafuatilia pale tangu tusi la kwanza hadi la mwisho. Watu walisema ni umbea, na kesi ikaishia hapo. Binti wa mshonaji tu ndiye hakuridhika. Tangu hajaota meno ya ukubwani alikuwa akijiuliza: kama ni umbea, mbona hatoki kwenda kuusambaza? Mama Dirisha alitazama tu, kusimulia hakusimulia. Halafu macho yake hayakufuata wapita njia. Yaliganda mahali pamoja, pale barabara inapokata kona na kupotea nyuma ya ukuta wa shule.

Binti aliwahi kumuuliza waziwazi, “Mama, unamngoja nani?” Akafukuzwa kama kuku aliyeingia sebuleni.

Binti mwenyewe aliitwa Kwanini. Si jina la cheti. Marehemu baba yake ndiye aliyembandika, maana mtoto yule alijifunza kuuliza kabla hajajifunza kutembea sawasawa, na jina likamganda kama gundi. Hata mama yake mtaani akawa Mama Kwanini. Baba alipofariki, mtoto aliuliza maswali ambayo hakuna mtu mzima aliyeweza kuyajibu, na mshonaji, aliyekuwa akilia huku anakanyaga cherehani, alimwambia, “Mengine tutamuuliza Mwenyezi Mungu tukifika.” Huenda ndipo hamu ya kujua yaliyomo ndani ya watu ilipomwingia. Yeye mwenyewe hakuwa na hakika. Alijua tu kwamba akiona uso uliofungwa, vidole vyake vinawasha kuufungua.

Mwaka wa mwisho wa chuo, wanafunzi wote wa saikolojia hupelekwa kwenye mafunzo kwa vitendo, miezi mitatu mahali ambapo watu wenye shida za kweli wanakuja na shida zao za kweli. Mshonaji alimshonea sketi mbili za heshima, akazipiga pasi mwenyewe, akamwombea mlangoni, na Kwanini akaenda kuripoti kwenye kituo cha ushauri nasaha.

Kituo kilikuwa ghorofani, juu ya duka la rangi za nyumba, ngazi zake zinanuka tapentaini mpaka macho yanawasha. Ukifika juu unakuta chumba cha kusubiri chenye viti vilivyopangwa kuelekea upande mmoja, ili asiwepo wa kumkodolea mwenzake. Mbele yake ujia mfupi. Mwisho wa ujia, chumba cha mazungumzo chenye milango miwili: mmoja wa kuingilia kutoka ujiani, mwingine wa kutokea ngazi za nyuma, ili aliyelia asikutane na anayesubiri kulia.

Mwenye mahali hapo, yaani aliyepewa kazi ya kumlea Kwanini kikazi, kila mtu alimwita Mshauri. Mwanamke wa makamo, mnene wa taratibu, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba, anatembea kama aliyebeba ndoo iliyojaa kichwani.

“Saa mbona iko nyuma ya mgongo wa mteja?” Kwanini aliuliza kabla hajaonyeshwa pa kuweka mkoba.

“Nikigeuka kutafuta saa, mteja atajua nimemchoka. Hapo naiona bila yeye kuniona.”

“Na viti mbona vimekaa mshazari, havitazamani?”

“Wewe ukikaliwa uso kwa uso na usiyemjua, utamwambia la moyoni?”

“Na karatasi za kufutia machozi, mbona ziko mbali na wewe?”

“Nikimpa mimi, ni kama nimemwambia basi, nyamaza. Akichukua mwenyewe, amejifuta tu.”

Kwanini alisikia utamu kama mtu aliyefunguliwa ghala. Kumbe kila kitu mle ndani kilikuwa na sababu yake! Akanyoosha kidole ujiani, kwenye redio kuukuu iliyokuwa juu ya kigoda, inabwabwaja peke yake. “Na ile?”

“Ukuta wetu mwembamba. Ile inasema ili watu wasisikike.” Mshauri akavaa miwani akamtazama vizuri. “Hivi wewe huuliza mpaka lini?”

“Mpaka niishiwe, mama.”

“Basi tuna kazi. Sasa nisikilize, mwanangu, nikuambie mapema tusije tukalaumiana. Mwisho wa mafunzo chuo kitaniuliza jambo moja: huyu aachiwe kukaa na mtu aliyeumia, au asiachiwe? Nami sitawadanganya, hata kama nakupenda.”

Roho ilimruka Kwanini, lakini akapiga moyo konde. Kusikiliza tu, kutamshinda nini?

Kulimshinda siku ya kwanza tu aliyoruhusiwa kukaa kwenye kiti cha tatu, kile cha pembeni, ambacho mwanafunzi hukalia kwa idhini ya mteja na kwa sharti la kutofungua mdomo. Mteja alikuwa fundi bomba, kijana wa mabega mapana, mfuko wa vifaa miguuni, ambaye mchumba wake aliondoka wiki ya harusi. Alieleza kidogo, akafika mahali akanyamaza. Mshauri naye akanyamaza. Ukimya ukakaa katikati yao, na Kwanini akaona kabisa kwamba hakuna anayeuondoa. Akajikuna. Akameza mate. Ukimya ukazidi kunenepa. Ulimi ukamponyoka.

“Kwani alikwenda kwa nani?”

Uso wa fundi bomba ulijifunga pale pale, kama mtu aliyekaza koki. “Sijui,” akasema. Hakusema tena la maana mpaka saa yake ilipokwisha.

Baadaye Mshauri hakumkaripia. Afadhali angemkaripia. Alikaa, akavua viatu chini ya meza, akauliza, “Lile swali lilikuwa la nani?”

“Langu, mama.”

“Angelijibu, yeye angepata nini?”

Kwanini akafikiri. “Hakuna.”

“Na wewe?”

“Mimi ningejua.”

“Basi. Umeingia jikoni kwa watu ukafunua sufuria, wala hukukaribishwa. Kuuliza si dhambi. Ungekuwa huulizi ningekurudisha chuo leo leo. Lakini swali lolote kabla halijatoka mdomoni, lishike mkono uliulize: wewe ni la nani? Likiwa lako, nenda nalo nyumbani.”

Kuanzia hapo akatolewa chumbani akawekwa ujiani kulinda redio. Fundi bomba, Mungu ashukuriwe, alirudi wiki iliyofuata na mfuko wake, lakini Kwanini alimwona mgongo tu.

“Leo umefanya nini?” mama yake alimuuliza jioni ile, sindano ziko mdomoni.

“Nimelinda redio.”

Mshonaji akazitoa sindano. “Redio? Nimeuza vitambaa vyangu vizuri vyote upate elimu, na wewe unalinda redio isiibwe?”

“Si isiibwe, mama. Isinyamaze.”

Mshonaji alimtazama, akazirudisha sindano mdomoni.

Wakati huo mtaa ulikuwa na jambo lake. Dirisha la Mama Dirisha lilianza kuonekana tupu kila Alhamisi mchana. Mwanamke ambaye hata sokoni huagiza, sasa anajifunga kitambaa, anachukua mwavuli, anakata kona na kupotea! Waliokuja kushonewa walikuwa na la kusema. Mmoja alisema amepata bwana. Mwingine alisema anakwenda kupigiwa ramli. Mama Kwanini aliwaambia wote wanyooshe mikono awapime, mambo ya watu wamwachie Mungu, ingawa naye kila Alhamisi alijikuta anachungulia uani. Kwanini ndiye aliyekuwa anatokota. Swali lake la utotoni lilikuwa limezaa mapacha: anamngoja nani pale, na amemwachaje sasa?

Mwanzoni Kwanini alikuwa akienda chuoni kila Alhamisi mchana, lakini ratiba ikabadilika, na Alhamisi moja alitumwa kujaza jagi la maji la chumba cha kusubiri. Aliporudi, mlango wa chumba cha mazungumzo ulikuwa umeshafungwa, mteja yuko ndani. Chumba cha kusubiri walikuwemo wawili, mzee mwenye gazeti na mwalimu wa kike mwenye chaki kwenye mkono wa shati. Na kwenye ndoo ya miavuli kando ya mlango ulisimama mwavuli wa kijani uliopauka, ubavu mmoja umefungwa kwa waya wa henga ya nguo.

Akaweka jagi chini. Mwavuli ule aliujua kama anavyoijua cherehani ya mama yake. Ulikuwa ukianikwa upande wa pili wa ukuta kila baada ya mvua.

Sheria aliijua: ukimfahamu mteja, mwambie Mshauri mara moja, ili mteja naye aambiwe na achague. Lakini sheria nyingine ilisema mlango ukishafungwa haugongwi, labda nyumba iwe inaungua. Akakaa kwenye kigoda chake kando ya redio, mikono katikati ya magoti, kusubiri mlango ufunguliwe. Redio ilikuwa inasifia sabuni. Kwanini akawa anaitazama kama mtu anayetazama mlango wa benki.

Umeme ukakatika.

Sabuni ikakatikia njiani. Betri za redio zilikuwa zimekufa zamani, kila mtu akisema atanunua kesho. Na katika kimya kile, kutoka nyuma ya ukuta mwembamba, ikaja sauti ambayo Kwanini ameisikia maisha yake yote, ila hajawahi kuisikia ikitetemeka.

“Siku niliyotoka pale dirishani, nilitoka kidogo tu, nikasema nakwenda kuinjika sufuria, kumbe ndiyo siku—”

Mwili mzima wa Kwanini uligeuka sikio. Hilo hapo! Swali la tangu utotoni, jibu lake linakuja lenyewe kwa miguu yake. Hakuiba, hakuchungulia, hakugusa kitu. Umeme ndio umekatika. Nani angemlaumu?

Akainua macho. Mzee alikuwa ameshusha gazeti. Mwalimu alikuwa ameinua kichwa, shingo imenyooka kidogo tu, kama mtu ambaye hataki ionekane kwamba imenyooka. Nao walikuwa wanasikia.

Swali likamjia, si lile la dirisha, lile la Mshauri. Hili ni la nani? Hakulipa nafasi ya kujibu. Alifungua kinywa akaimba.

Aliimba wimbo wa asubuhi ambao mama yake alimfundisha, ule wanaoimba kila siku kabla ya chai, wa kushukuru kwa pumzi na kwa mwanga. Ila ni lazima kusema ukweli: Mungu alimjalia binti huyu mengi, sauti hakumjalia. Ilikuwa kama bawaba ya lango lisilotiwa mafuta. Akaimba kwa nguvu zote, akapiga makofi, akapiga na kigoda kwa kisigino.

“Binti,” mzee aliuliza kwa hofu, “kuna msiba?”

Kwanini alitikisa kichwa akaendelea. Ubeti wa pili. Wa tatu hakuukumbuka, akarudia wa kwanza. Akaona afadhali aonekane kichaa kuliko aache.

Hapo ndipo alipokumbuka. Nani mwingine duniani anayeijua sauti hiyo? Nani amekuwa akilalamika juu ya ukuta, asubuhi zote hizo, kwamba mtoto wa mshonaji akiimba maziwa yanakatika?

Mlango wa ujiani ukafunguliwa. Mama Dirisha alisimama pale, macho mekundu, karatasi ya kufutia machozi imekunjwa kiganjani. Wakatazamana.

“Shikamoo” ilimpanda Kwanini mpaka kwenye meno. Tangu azaliwe hajawahi kukutana na mwanamke huyu asimwamkie. Lakini kazi ile ina adabu yake: mteja ndiye anayeanza, asipoanza, humjui. Akaimeza shikamoo yake, ikapita kooni kama mfupa, na kwa kuwa hakujua afanye nini na mdomo uliobaki wazi, akaendelea kuimba.

Mlango ukafungwa. Zikasikika hatua kwenye ngazi za nyuma, za haraka. Nje wingu lilikuwa limeshuka, na mwavuli wa kijani ulibaki kwenye ndoo.

“Ulisikia?” Mshauri aliuliza baada ya wote kuondoka.

“Nusu sentensi.”

“Ukaimba.”

“Ndiyo.”

“Kwa sauti ile.”

“Ndiyo, mama.”

Mshauri akavua miwani akaifuta muda mrefu, midomo yake inapigana na kitu. Halafu akawa mzito tena. “Ni nani kwako?”

“Jirani. Ukuta mmoja.”

“Ningejua mapema ningemwambia, akachagua mwenyewe. Sasa amejua vibaya. Umemfunika, na kwa kumfunika umemwonyesha kwamba upo. Anafikiri kesho mtaa wote utajua anakuja hapa.”

“Nimpelekee mwavuli wake, basi, nimwambie sikusikia kitu?”

“Ulisikia nusu sentensi. Na mwavuli, nani atakuwa amempelekea? Jirani, au kituo? Mbele ya nani?”

Kwanini akautazama mwavuli kwenye ndoo.

“Utakaa kwenye ndoo,” Mshauri alisema.

“Asiporudi?”

“Asiporudi atakuwa amebaki na mzigo aliokuja kuutua. Alikuwa ameshaushusha nusu.”

“Na ripoti yangu ya chuo—”

“Swali hilo ni la nani?”

Akachukua jagi akaenda kulimwaga.

Alhamisi iliyofuata mvua ilinyesha, mwavuli uko kwenye ndoo, mwenyewe hakutokea. Mtaani dirisha lilikuwa limefungwa, mbao mbili zimekutana, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Watu wakipita walilitazama kama wanavyotazama duka lililofilisika. Mshonaji alipeleka chai, ikapokelewa kwa mkono mmoja, mlango nusu.

“Jirani ana jambo,” alisema aliporudi. “Uso umemwisha. Wewe uliyesomea watu, unaonaje?”

Nyumba ile uongo ulikuwa mwiko, hata ule mdogo wa kumwambia mgeni kwamba hujambo wakati una homa. Kwanini alikuwa anakunja kitambaa. Akakikunja, akakikunjua, akakikunja tena. “Muombee, mama.”

“Namuombea kila siku. Nimekuuliza unaonaje.”

“Ndivyo ninavyoona.”

Mshonaji akasimamisha cherehani. Mtoto huyu aliwahi kumuuliza mchungaji mbona makaburini kuna miti mizuri kuliko mjini. Leo jirani amejifungia ndani, na hana hata swali moja? Alimtazama mpaka Kwanini akaenda kuchota maji ambayo hayakuhitajika.

Siku ya mapumziko, mchana, hodi ikapigwa. Mama Dirisha mwenyewe, na gauni mkononi, pindo limeachia.

“Shikamoo, mama,” Kwanini alisema kwa haraka kuliko kawaida. Hapa alikuwa jirani. Hapa ilikuwa haki yake.

“Marahaba.” Mama Dirisha akakaa ukingoni mwa kiti, gauni mapajani, macho yake yako kwa Kwanini. “Kazi huko inaendeleaje?”

“Inaendelea, mama.”

“Watu ni wengi?”

Mshonaji akacheka. “Huyo? Muulize ya kazini, utadhani umeuliza siri ya serikali. Mimi niliyemzaa ananiambia analinda redio!”

“Redio tu?” Mama Dirisha aliuliza polepole.

“Redio tu, mama.”

“Na hao wanaokwenda huko,” mshonaji alisema huku anatafuta uzi wa rangi ya gauni, bila nia mbaya yoyote, “ni wenye kichaa, au?”

Vidole vya Mama Dirisha vilizama kwenye gauni. Kwanini aliviona.

“Ni watu, mama. Kama wanaokuja kwako kushonewa.”

“Kama ni kama wangu, mbona huwataji? Mimi nitakutajia wateja wangu wote, na viuno vyao.”

“Ndiyo maana mke wa mwenye bucha alihama fundi.”

“Ala! Mtoto huyu!” Mshonaji alimpiga kwa kitambaa, anacheka kwa aibu, maana kiuno cha mke wa mwenye bucha kweli kilizunguka mtaa mzima. Mama Dirisha hakucheka. Aliinamisha kichwa kidogo, kama anayepima kitambaa kwa macho, halafu akatoa lile alilokuja nalo.

“Mwavuli wangu umepotea,” alisema. “Sijui niliusahau wapi. Wewe Kwanini unayezunguka mjini, hujauona mahali?”

Chumba kilinyamaza. Mshonaji aliinua uso, uzi katikati ya vidole. Kwanini alipima maneno. Akisema hakuuona, amedanganya, tena mbele ya mama yake. Akisema ameuona, mama atauliza wapi, na hapo ndipo mtaa utakapoanzia. Zamani ukimya wa namna hii ungemtoa roho. Sasa aliuacha ukae kidogo, mpaka akapata pa kupita.

“Utaupata, mama. Mwavuli wenye ubavu wa waya wa henga, nani atauchukua?”

Mshonaji aliangua kicheko. “Adabu, wewe! Mwavuli wa watu!”

Lakini Mama Dirisha alikuwa anamtazama binti, na bega lake moja, lililokuwa limepanda tangu alipoingia, likashuka. “Kwa hiyo upo tu mahali,” alisema.

“Vitu kama hivyo havihami, mama.”

Gauni likapindwa, chai ikanywewa, mgeni akasindikizwa. Mshonaji aliporudi alikaa kwenye cherehani bila kukanyaga. Alikata uzi kwa meno.

“Sitakuuliza,” alisema.

“Asante, mama.”

“Lakini jua kwamba najua kuna cha kuuliza.”

Alhamisi ya mwisho ya mafunzo, redio ilikuwa na betri mpya, Kwanini kazinunua mwenyewe. Ripoti ya chuo Mshauri hakuwa ameigusa. Alipoulizwa kwa macho, maana kwa mdomo Kwanini hakuthubutu tena, alisema tu, “Bado nakutazama.”

Hatua zikapanda ngazi, nzito, za mtu asiyezoea kutoka nyumbani. Mama Dirisha akatokea juu, anatweta. Alikwenda moja kwa moja kwenye ndoo, akautoa mwavuli, akaufungua kidogo, akaufunga. Halafu akageuka ujiani.

“Hujambo, Kwanini?”

Alianza yeye. Kwanini alihisi kama aliyefunguliwa kamba kifuani. “Sijambo, mama. Shikamoo!”

“Marahaba. Kweli hakuna aliyeutaka.”

“Kuna mzee aliushika siku ya mvua. Akauangalia, akaurudisha, akaenda kulowana.”

Mama Dirisha alicheka, kile kicheko chake cha dirishani, mpaka kikohozi kikamshika. Mshauri alikuwa amesimama mlangoni. Mama Dirisha akamwambia, bado anajifuta macho, “Mtoto huyu namtaka ndani leo. Nimekubali. Akae kwenye hicho kiti chenu cha pembeni.”

“Una hakika?” Mshauri aliuliza.

“Siku zote hizi nimemsubiri aseme. Mama yake hajui, mtaa haujui. Namtaka.”

Wakaingia. Kwanini akakaa kwenye kiti cha tatu, nusu ya kiti, mikono magotini. Mama Dirisha alipoketi alifanya jambo dogo: alikivuta kiti chake, akakigeuza, Mshauri akabaki nyuma ya bega lake, na uso wote akamwelekezea Kwanini.

“Tangu una mapengo unaniuliza namngoja nani pale,” alisema. “Nikawa nakufukuza. Umenisitiri, mwanangu, hata mzazi wako hukumwambia. Leo nimesema nikulipe, nikutoe hamu.”

Ee Mungu, hamu aliyokuwa nayo! Ilimpanda kama njaa ya mfungo. Neno moja tu la kukubali, hata kunyamaza tu, na dirisha lote lingefunguka. Mteja mwenyewe ameridhia. Mshauri hakusema ndiyo wala hapana. Alikuwa ameuacha uso wake mtupu kama ukuta.

Kwanini alimtazama Mama Dirisha vizuri. Aliona anavyotabasamu, anavyomchungulia usoni, kama mwenyeji anayeangalia kama mgeni ameshiba. Aliona karatasi za kufutia machozi sasa ziko nyuma ya mgongo wake, mahali ambapo mkono wake hautafika. Hadithi itakayotoka itakuwa imepunguzwa miiba, iwe saizi ya mtoto wa jirani. Na kesho asubuhi, juu ya ukuta, watakuwa wawili wanaoijua.

“Mama,” alisema, na sauti yake mbaya ikatoka chini sana, “lile swali ni langu. Hapa ni pako.”

Mama Dirisha alikaa. Tabasamu likamtoka taratibu, na chini yake palikuwa na uso mwingine, wa mtu aliyechoka miaka mingi. Redio ilikuwa inasoma taarifa ya hali ya hewa ujiani. Halafu akashika kiti chake kwa mikono miwili, akakirudisha mshazari kama kilivyokuwa, akamwelekea Mshauri. Akanyoosha mkono, akachukua karatasi mwenyewe.

“Siku niliyotoka pale dirishani,” alianza.

Kwanini akainuka, akafungua mlango wa ujiani, akatoka bila kusema neno jingine.